Motoka ya mbio ikichemka: tuchunge maji mbele ya kulia moteri

Kijana wa kazi akipata dekonti yake, ao akiweka mushahara ya miezi mingi pembeni, kitu ya kwanza anawazaka ni motoka. Na si motoka yoyote. Bengi banapenda ile ya mbio: Celica ya zamani, Supra, Altezza, zile zinapitaka Dubai na Dar es Salaam na kuvuka Kasumbalesa na usukani ya kuume. Iko chini, iko nzuri, ikilia kila mutu mu avenue anageuka. Miezi michache kisha, tunaikuta pembeni ya barabara ya Likasi, kapo juu, mvuke inatoka, na mwenyewe anatafuta maji na bidoni mu mukono.

Siye ba sindika tunajua vile hadisi hiyo inaendeleaka. Moteri inakufa, deni inabaki. Ile motoka ilipashwa kufanya taxi siku ya mapumziko, ilipe minervali ya batoto. Sasa batoto banafukuzwa ku masomo, na mama anauza pagne zake. Bengine watauliza: sindika na radiateri, wapi na wapi? Jibu ni hili. Franka tunayopigania ku meza ya mazungumuzo inaweza kupotea yote mu garaji, siku moja tu. Kuchunga mushahara ni kazi yetu vilevile.

Radiateri ni Katanga yetu

Kwanza tujue ile kitu inakaa mbele ya moteri inatoka wapi. Radiateri ya motoka ya zamani ilifanywa na shaba: mapanga nyembamba ni shaba tupu, mirija na masanduku ya juu na chini ni shaba nyekundu yenye kuchanganywa na zenki. Shaba inapitisha moto vizuri sana, kupita aluminiumu. Njo maana baliichagua.

Hapa Lubumbashi moto ya kuyeyusha shaba iliwaka tangu 1911. Zenki iko Kipushi, pale mugodi ulisimama mu 1993 na kuanza tena kutoa zenki mu 2024, miaka 31 kisha. Na bati ya kuunganisha yote, Manono inaijua. Kwa hiyo radiateri ya zamani ni jasho ya baba zetu. Inatoka hapa na bei ya jiwe, inarudi na bei ya motoka.

Faida yake ni kwamba inatengenezeka. Fundi mwenye chuma ya moto na bati anaweza kufungula sanduku, kusafisha mirija, na kuunga tena. Motoka za kisha, kama Altezza, ziko na radiateri ya aluminiumu na masanduku ya plastiki. Ile haikubali bati. Wakiipaka gundi, inafika safari mbili, tatu, kisha inapasuka. Kama sanduku ya plastiki imepasuka, tafuta radiateri ingine nzima, usitupe franka mu gundi.

Mu Lubumbashi maji inachemka mbele ya digri 100

Jambo hili bengi hawalijui. Muji wetu uko karibu metre 1 200 juu ya bahari, na Kolwezi iko juu kupita. Huku maji ya wazi inachemka ku digri 96 hivi, hainge 100. Moteri nzuri inatumika ku digri 85 mpaka 95. Basi nafasi iliyobaki ni kidogo kabisa.

Kitu kinachotuokoa ni bushoni ya radiateri. Ile bushoni iko na resori ndani, inafunga maji chini ya nguvu. Bushoni nzima, yenye alama 0,9, inasukuma kuchemka mpaka digri 115 hivi. Bushoni ya kuchoka, ao kipande ya plastiki yenye kufungwa na kamba, inaturudisha ku 96. Ni kitu ya bei kidogo sana mu motoka yote, lakini ikikosa inaua moteri ya bei kubwa. Mbele ya kulaumu fundi, kubadili pompa, kuuza motoka, angalia bushoni.

Bengine banasema: «Hizi motoka za mbio haziwezi joto ya Afrika.» Si kweli. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mu 1971 na 1973. Celica ya turbo ilishinda mu 1984, 1985 na 1986, mara tatu mufululizo, mu vumbi na matope ya Kenya. Motoka ya mbio inaweza. Tofauti ni kwamba moteri yake inatoa moto mingi, pua yake iko chini, inakula vumbi yote ya barabara, na nafasi ya hewa kupita ni ndogo. Haisamehe mutu asiyechunga maji.

Termostati si adui

Mu garaji nyingi, dawa ya kwanza ni kutoa termostati. «Huku kwetu kuna joto, haina kazi.» Termostati ni mulango mudogo: inafungika moteri ikiwa baridi, inafunguka ku digri 82 ao 88. Ukiitoa, moteri inatumika baridi barabarani, inakula esansi kupita kiasi, mafuta inakuwa nzito na vyuma vinakulana. Na kuna moteri ambamo termostati inafunga pia njia ya pembeni. Ukiitoa mule, sehemu ya maji inazunguka bila kufika ku radiateri, na moteri inachemka kupita mbele.

Kujua kama termostati ni nzima ni rahisi. Itie mu sufuria ya maji ku mbabula. Maji ikikaribia kuchemka, inapashwa kufunguka mbele ya macho yako. Ikibaki kufungwa, nunua ingine.

Shofaje ni radiateri ya pili

Kila motoka iko na radiateri ndogo chini ya tablo, ile ya shofaje. Fundi bengi banaikata: inavuja, bana unganisha diriti mbili moja kwa ingine, basi. «Shofaje ya nini mu Congo?» Lakini mwezi ya sita na ya saba, mutu wa posti ya asubui anajua baridi ya Lubumbashi. Na wakati ya mvula, kioo ikijaa ukungu, hewa ya moto njo inaisafisha. Dreva asiyeona barabara mbele ya kamio ya madini, hatufasirie zaidi.

Kuna faida ingine. Mushale ya moto ikipanda njiani, zima hewa ya baridi, fungula shofaje yote na vantilateri yake, na madirisha pia. Ile radiateri ndogo inatoa sehemu ya moto ya moteri. Utatoka jasho, lakini unaweza kufika pahali pa kusimama vizuri. Tena, shofaje ni mutangazaji: moteri iko moto lakini shofaje inapuliza baridi, mara nyingi ni kusema maji imepunguka ao hewa imeingia ndani. Simama mbele haijaharibika.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Moteri iwe baridi kabisa. Toa maji yote, ipokee mu beseni. Kama inatoka nyekundu kama udongo ya kwetu, ni kutu. Toa diriti zote mbili, utie maji safi ku radiateri kwa njia ya kinyume, kutoka chini kwenda juu, mpaka itoke safi. Fanya vilevile na radiateri ya shofaje, lakini polepole, mirija yake ni membamba. Kwa hiyo bale banatiaka yayi ao unga mu radiateri juu ya kuziba tundu, banaziba shofaje kwanza.

Finya diriti na mukono: ikiwa ngumu kama kuni ao laini kama ndizi ya kuiva, badilisha. Angalia chini ya pompa ya maji: pale kuna tundu ndogo, ikitoa matone, pompa imechoka. Kaza mukanda. Zungusha vantilateri, ione kama inaamka saa ya moto.

Kisha tia antijeli nusu na maji safi nusu. Bengi banafikiri antijeli ni ya Bulaya, kwa barafu. Huku kazi yake ni kuzuia kutu na kusukuma kuchemka mbali. Maji ya forage iko na chumvi ya mawe, inaacha ganda ndani ya mirija sawa ile ya birika ya chai. Maji ya mvula yenye kuchujwa ni afazali.

Mwisho, toa hewa. Weka pua ya motoka juu ya mulima kidogo, fungula shofaje, washa moteri ya baridi na bushoni wazi. Ongeza maji mpaka mapovu yaishe, kisha funga. Kama mapovu haiishi kabisa, moshi nyeupe inatoka nyuma, na mafuta imekuwa sawa maziwa, basi ni jointi ya kulasi. Pale usiendeshe tena hata kilometre moja. Kulasi inyooshwe ku mashini mbele ya kurudisha jointi mupya.

Moto na sumu

Tunasema kwa sauti kubwa: usifungule bushoni moteri ikiwa moto. Maji ya digri 110 inakuruka mu uso kama mugodi inalipuka. Zima, ngoja nusu saa na zaidi. Mutu akiungua, maji baridi ya kutiririka dakika 20, kisha hospitali. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya ngazi.

Antijeli ni sumu yenye utamu. Usiiweke mu chupa ya Fanta mu nyumba yenye batoto, usiimwange mu lupango pale mbuzi na imbwa vinakunywa. Na ninyi bafundi wa bati: mule ndani kuna risasi. Moshi yake inaingia mu damu. Mufanye kazi pa wazi, batoto bakae mbali, munawe mikono mbele ya kugusa bukari.

Na bisi za kazi?

Yote haya ni sawasawa kwa bisi inayotupeleka ku mine asubui. Kama dreva anaongeza maji kila safari, ile bisi ni mugonjwa, na siku itasimama usiku pa kona, kamio itakuya nyuma yake. Mumwambie delege wenu. Aandike namba ya bisi na tarehe, alete jambo ku komite ya usalama na afya ya kazi, na adai jibu ya maandishi. Bushoni, termostati na diriti mbili si gharama kubwa kwa mwajiri yeyote. Kwa jamaa inayongoja mutu wake arudie nyumbani, ni kitu kubwa sana.