Protini isiyo na umbo, na chanjo inayoisaka

Homa ya malaria hupanda seli nyekundu za damu zinapopasuka na kumwaga vimelea vichanga viitwavyo merozoiti. Kila kimoja lazima kiingie haraka kwenye seli nyingine, la sivyo kinakufa. Katika muda huo mfupi kimelea kiko wazi mbele ya kinga ya mwili, na kinachoonekana ni protini zilizotanda juu ya utando wake. Mojawapo ya zilizo nyingi zaidi ni MSP2. Nimeichagua kwa sababu inawasumbua watengeneza chanjo kwa namna ambayo vitabu vya shule havituandalii.

Tulifundishwa kwamba protini hufanya kazi kwa umbo lake. Mkemia wa Ujerumani, Emil Fischer, alifananisha jambo hilo na ufunguo na kufuli mwaka 1894, na mfano wake bado unafundishwa. MSP2 haina umbo hilo. Asidi amino zinazokwepa maji, ambazo katika protini nyingine hukimbilia ndani na kuukunja mnyororo ukakaza, kwake ni chache mno. Kwa hiyo mnyororo wake wa asidi amino 200 na kitu hubadilika mkao kila wakati. Ncha moja tu ndiyo imepachikwa kwenye utando, kwa molekuli ya mafuta.

Ncha ya pili ndiyo yenye mambo. Asidi amino zake 25 hivi za mwanzo ni zilezile karibu katika kila kimelea cha malaria cha aina ya falciparum, Afrika hata Asia, na kitu kisichobadilika ndicho mtengeneza chanjo anachokitamani. Ndani ya maji matupu ya maabara kipande hicho huelea ovyo. Kikikutana na mafuta kama yale ya utando, sehemu yake hujisokota kama springi. Na kwa kuwa mnyororo wote ni mlegevu, hakuna kinachoizuia ncha hiyo kuinama na kuugusa utando uleule uliobeba protini nzima. Sasa angalia matokeo yake: zipo kingamwili zinazokishika vizuri kipande hiki kwenye protini iliyosafishwa maabara, lakini zikiletwa kwa kimelea chenyewe hazikishiki. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba ujirani wa utando unakificha.

Kinachobaki wazi ni sehemu ya kati, nayo hutofautiana sana kutoka kimelea hadi kimelea, katika koo kuu mbili: 3D7 na FC27. Huko Papua New Guinea, chanjo ya majaribio yenye MSP2 ya ukoo wa 3D7 pamoja na protini nyingine mbili ilipunguza wingi wa vimelea kwa asilimia 62 kwa watoto ambao hawakupewa kwanza dawa ya malaria, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002. Lakini miongoni mwa waliochanjwa, vimelea vya FC27 ndivyo vilivyopenya zaidi. Kinga ilikuwa imefundishwa kumtambua ndugu mmoja tu.

Tofauti hizohizo zina faida kwetu. Mgonjwa aliyetibiwa katika jaribio la dawa akirudi na vimelea, wataalamu hulinganisha jeni ya msp2 ya kabla na ya baada, pamoja na jeni nyingine, kujua kama dawa imeshindwa au mbu mwingine amemng'ata.

Wapo wanaosema protini zisizo na umbo hazifai kwa chanjo. Sikubaliani nao hata kidogo. Chanjo ya R21, iliyojaribiwa Bagamoyo na Kilifi miongoni mwa vituo vingine na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, inalenga protini nyingine ya kimelea, CSP. Kiini chake ni vipande vya asidi amino nne vinavyojirudia mara kwa mara, navyo pia havina umbo la kudumu. Kingamwili hazikosi pa kushika, maana viko wazi na ni vingi.

Kwa hiyo ulegevu peke yake si kikwazo. La kuuliza ni kipande gani kimelalia utando na kipi kiko nje, na jibu halipatikani kwenye protini inayoelea peke yake majini. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huibandika MSP2 juu ya vipovu vidogo vya mafuta kabla ya kuipima na kingamwili. Kipimo hicho kinapaswa kuwa cha lazima kwa kila protini ya uso wa kimelea inayopendekezwa kuwa chanjo, kabla haijamfikia mtoto yeyote.