Lori la Zamani Likivuma Sana Asubuhi

Lori la zamani la petroli likiwashwa asubuhi, injini huzunguka kwa kasi hata dereva asipokanyaga mafuta. Je, ni ugonjwa? Si lazima. Hata Eldas, katika Kaunti ya Wajir, penye jua kali, injini iliyolala usiku kucha huhesabiwa kuwa baridi, kwa maana joto lake la kazi ni kama digrii 80 hadi 90. Basi choki huipa petroli zaidi na kuizungusha upesi ili isizimike.

Ngojeni dakika chache. Injini ikipata joto, kasi yapasa kushuka. Isiposhuka, zimeni, mwache ipoe kabisa, kisha mfanye hivi:

1. Fungueni rejeta mtazame maji. Katika magari mengine, maji ya moto yapitayo penye choki ndiyo yanayoilegeza. Yakipungua, choki haipati joto.

2. Vuteni na kurudisha waya wa choki na ule wa mafuta. Vumbi huzifanya nyaya hizo zikwame.

3. Kagueni mipira ya hewa iliyo karibu na kabureta. Ikipasuka, hewa huingia ovyo.

Msianze kwa kugeuza skrubu ya kabureta. Mtanyamazisha kelele, na ugonjwa utabaki. Mwenye kupeleka mbuzi soko la Wajir na rejeta pungufu, injini yake yaweza kuungua njiani, mbali na fundi. Maji ya mifugo hutazamwa kabla ya safari. Ya rejeta vilevile.