MJUSI MWENYE KICHWA CHEKUNDU
Na Bwana Shamba

Katika vijiji vya Mwanza kuna majabali makubwa. Juu ya majabali hayo anaishi mjusi mwenye rangi za kupendeza. Kichwa, shingo na mabega yake ni ya rangi nyekundu. Mwili na mkia ni wa rangi ya buluu. Mjusi huyu yupo pia Serengeti, na katika nchi za Kenya na Rwanda. Lakini jina lake la kitaalamu, alilopewa mwaka 1923, linatokana na Mwanza yetu.

Huyo mwekundu ni dume. Jike ana rangi ya udongo yenye mabaka. Usipoangalia vizuri utadhani ni mjusi wa aina nyingine.

Jinsi ya kumtazama
Nenda jua likishapanda, kama saa nne asubuhi. Usiku hulala ndani ya nyufa za mawe. Mwili wake ni bapa, kwa hiyo hupenya hata ufa mwembamba. Asubuhi hutoka kuota jua. Akipata joto, rangi zake hung'aa.

Kaa mbali kidogo, utulie. Kivuli chako kisimwangukie, maana atadhani ni mwewe, naye atakimbia. Utamwona akiinua kifua na kutikisa kichwa juu na chini. Hakutukani wewe! Anawaambia madume wengine kwamba jabali hilo lina mwenyewe. Dume mmoja huishi na majike kadhaa, na hulilinda jabali lake.

Je, ana sumu?
Watu wengine humwogopa kwa sababu ya rangi zake. Ndugu, mjusi huyu hana sumu. Chakula chake kikubwa ni wadudu, kama vile sisimizi, panzi na mbawakawa. Panzi ndio hao hao wanaokula majani ya mazao yako. Basi, kwa nini umuue anayekusaidia?

Wazazi, wakatazeni watoto kumpiga kwa manati. Nanyi mnaovunja mawe ili kupata kokoto, msiyamalize yote. Jabali likiisha, nyumba ya mjusi imekwisha.

Siku ya mapumziko nenda jabalini na mwanao. Chukueni daftari na kalamu. Andikeni mmeona madume wangapi, majike wangapi, na wamekula nini. Kisha yasomeni hayo mbele ya wenzenu darasani.