Ameruhusiwa hospitali, lakini amebadilika: kumtunza ndugu aliyeumia ubongo

Vijana wengi wa vijijini kwetu wanatafuta riziki Kariakoo, Dar es Salaam. Wapo wanaosukuma mikokoteni, wanaobeba mizigo na wanaoendesha bodaboda. Mmoja akiumia vibaya kichwani, anaweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1996, na licha ya jina lake hutibu pia ubongo. Akiruhusiwa, wengi humrudisha nyumbani kijijini, na hapo kazi ya familia huanza.

Kidonda cha nje hufunga kwa wiki chache, lakini ubongo huchukua miezi, hata miaka. Tunamwona anatembea na kula vizuri, kumbe anasahau alichoambiwa asubuhi, anafoka kwa jambo dogo au anachoka upesi. Majirani husema ana kiburi, ni mvivu, au amerogwa. Ukweli ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosaidia kuzuia hasira na kupanga mambo, na huumia kwa urahisi. Ndugu yako hakuchagua kuwa hivyo.

Nyumbani tufanye hivi:

• Mwambie jambo moja kwa wakati, kwa maneno machache.
• Ale, aoge na alale kwa saa zilezile kila siku.
• Akifoka, usibishane naye. Punguza kelele, mwache atulie.
• Asinywe pombe, asipande juu ya mti wala paa, na asiendeshe pikipiki mpaka daktari aruhusu.
• Dawa za kuzuia degedege asiziache ghafla, hata akijisikia mzima.

Akipata degedege, mlaze ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni, hata kijiko. Ikiwa ni mara ya kwanza, au ikizidi dakika 5, mkimbizeni hospitali.

Mpelekeni haraka pia akiwa na dalili hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja, au maji yanayotoka puani au masikioni baada ya kuumia. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na kuonyesha dalili wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wazee. Msiseme, "Mbona alishapona?"

Tusimsahau anayemtunza. Mara nyingi ni mama, mke au dada mmoja, usiku na mchana. Shemeji, wajomba na watoto wakubwa wapokezane naye, hata kwa nusu siku, apate kulala.

Karatasi za hospitali zitunzeni pakavu, na siku ya kliniki ikifika msiiruke. Kama nauli ya Dar haijapatikana, nendeni nazo kituo cha afya kilicho karibu, mwombe ushauri na rufaa ya hospitali ya mkoa.