Meko Sio Kitu Mpya: Vile Shosho Alikuwa Anapunguza Moto Kabla Gasi Ifike Theta

Wasee wa Theta, Juja na Ruiru mnajua meko: ule mtungi mdogo wa gasi wa kilo 6 na kichwa cha kupikia juu. Lakini hilo jina ni la kitambo sana. Kwa Kiswahili cha zamani meko ni wingi wa jiko, na Wakikuyu wanasema riiko. Kitu chenyewe kilikuwa mawe matatu tu.

Mbona matatu? Weka stuli ya miguu minne kwa udongo wenye mabonde, itacheza. Ya miguu mitatu haichezi popote. Nyungu ilikuwa na tumbo la mviringo, haiwezi kusimama chini peke yake, so inakaa kati ya mawe imetulia. Na huo mviringo sio urembo. Joto linaenea vizuri, nyungu haipasuki haraka vile ya kona kona ingepasuka.

Sasa cheki hii. Kati ya mawe kuna mapengo matatu, na kuni zinaingilia hapo. Unataka moto mkali, unasukuma ndani. Githeri imeshachemka na inataka kutokota masaa mob, unavuta kuni nje. Ni kile kidude unazungusha kwa meko yako, basi. Usiku makaa yanafunikwa na jivu, asubuhi unapuliza na moto unarudi. Kiberiti ya nini?

Ile inanibamba zaidi ni itara. Hiyo ni dari ya miti juu ya moto kwa nyumba ya Kikuyu. Kuni za kesho zinawekwa hapo zikaushwe na chakula ya leo. Moshi nao unafukuza wadudu kwa nyasi za paa, alafu unatokea hapo hapo kwa nyasi.

Sitadanganya, haikuwa mbinguni. Joto mingi ilikuwa inapotea kando, na moshi uliumiza macho na mapafu ya wamathe. Ndio maana miaka ya 1980 lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba lilishika: bati nje, udongo wa kuchoma ndani. Wazo lilitoka Thailand, mafundi wa jua kali wakalipanga upya. Udongo unashika joto isitoroke kwa bati, kamlango ka chini kanaongeza ama kupunguza hewa.

Na hapa ndio watu hukufa. Nyumba ya shosho ilikuwa inapumua kupitia nyasi. Keja yako ya mawe, dirisha umefunga juu ya baridi ya Julai, haipumui. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, na haikuamshi. Kichwa inauma, usingizi unakuja, unadhani ni uchovu wa job. Gasi ikikatika usiku, pikia jiko nje ya nyumba penye hewa, na ukimaliza liache huko huko, hata kama makaa bado ni mekundu na miguu yako ni barafu.