Simamisha hapo, chai inachemka

Jumamosi iliyopita saa tatu kasorobo usiku tulishakaa kwenye kochi. Watoto wamelala, bisi zimo bakulini, feni inazunguka. Mpaka saa nne kasoro kumi tulikuwa bado tunachagua muvi. Mimi nilitaka ya kijasusi, mama Neema alitaka ile ya Kikorea ambayo dada yake keshamsimulia nusu yake kwa simu. Tukapanda, tukashuka, tukasoma majina, bisi zikaisha hata muvi haijaanza. Mwishowe nikachagua mimi, kwa ubabe tu, na haikupita nusu saa nikasikia mwenzangu anakoroma.

Nilikasirika, lakini asubuhi nilipotafakari nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimechukua filamu ya ukumbini nikaileta sebuleni. Ukumbini umelipa kiingilio, taa zimezimwa, simu iko mfukoni, huna pa kwenda. Nyumbani mtoto ataamka anataka maji. Jirani atagonga mlango kuulizia kama na kwenu maji yamekatika. Shangazi atapiga simu kutoka Tanga kwa habari ambayo ingeweza kusubiri hadi Jumatatu. Filamu ya kijasusi ukiikosa dakika tatu umepotea, hujui tena nani kamsaliti nani.

Kwa hiyo nina kipimo changu sasa: filamu ya wawili nyumbani ni ile inayokubali kusimamishwa. Mnaisimamisha, mnachemsha chai, mnabishana kidogo juu ya nani mwenye makosa, mnarudi mnaikuta bado ina joto. Tena yale mabishano ya jikoni ndiyo shughuli yenyewe. Filamu ni kisingizio.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ninayoiweka mezani ni The Lunchbox ya mwaka 2013, ya mwongozaji Ritesh Batra. Inatokea Mumbai. Kule wapo wachukuzi wa chakula, kazi iliyopo tangu karne ya 19, ambao kila siku huchukua chakula cha mchana majumbani na kukifikisha maofisini, kwenye bakuli za bati zinazopandana na kubanwa kwa mkono mmoja. Mhusika wetu, Ila, ni mke kijana ambaye mumewe hamtazami tena. Anaamua kumrudisha kwa mapishi. Siku hiyo bakuli zinarudi zimekombwa, hamna hata punje, na yeye anajipamba kumsubiri bwana. Bwana anaingia, macho kwenye simu. Anaulizwa chakula kilikuwaje. Anajibu kwamba koliflawa ilikuwa nzuri.

Ila hakupika koliflawa.

Hapo ndipo simamisha ya kwanza ilipopigwa nyumbani kwetu. Mama Neema aliniuliza, kwa sauti ya upole ambayo kila mume anaijua, leo mchana nilikula nini. Nikasema wali. Wali na nini? Nikakwama. Ilikuwa mchicha wa nazi, na nilikuwa nimeula wote.

Chakula cha Ila kilikuwa kimepotea njia, kikamfikia karani mmoja mjane aliyekaribia kustaafu, Saajan Fernandes, anayeigizwa na Irrfan Khan. Kesho yake Ila anatia kikaratasi chini ya chapati. Karani anajibu: hakuna asante, chakula kimezidi chumvi. Siku inayofuata anapata pilipili ya kumkomoa. Hivyo ndivyo mapenzi yao yanavyoanza, na kwa muda wote huo hawajawahi kuonana. Juu ya jiko la Ila, ghorofa inayofuata, yuko mama mmoja jirani ambaye filamu nzima hatumwoni. Tunasikia sauti yake tu, na kikapu chake kinachoshushwa dirishani kwa kamba kikiwa na viungo. Aliyeishi kwenye maghorofa ya Kariakoo au ya Michenzani kule Unguja hatahitaji kuelezwa kikapu kile ni cha nini.

Kila barua ni kituo, unaweza kusimama popote. Irrfan Khan alifariki Aprili 2020, na ukimtazama mle, akifungua bakuli na kunusa kabla ya kula, utaelewa kwa nini watu walimlilia. Onyo moja: msiitazame na njaa.

Kuna suala la lugha. Filamu hizi nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini, na si kila mtu ana haraka ya kuyasoma baada ya kutwa nzima ya kazi. Huku kwetu tatizo hilo lilishapatiwa dawa zamani, kwenye mabanda ya video. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, Kenya wanaye DJ Afro, watu waliochukua filamu ya Kihindi au ya Kichina wakaipa Kiswahili chao, na chumvi yao juu. Na mimi nimegeuka Lufufu wa sebuleni. Ninasoma kwa sauti, nikichoka nabuni. Mara mbili nimekamatwa nikimwekea mhusika maneno ambayo hakuyasema, na usiku wote ulikuwa mtamu kwa sababu hiyo.

Nikisema filamu za Kihindi, wazee wa pwani watatabasamu. Kwa nini wasitabasamu? Unguja ya miaka ya 1950 watu walikuwa wakivaa nguo zao nzuri kwenda Majestic au Empire, na Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka mwaka 1951, waliirudia mpaka wakazikariri nyimbo bila kujua neno moja la Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya kumbi za sinema za Tanzania, anaonyesha jinsi vijana wa Zanzibar walivyozitumia filamu hizo kufikiri juu ya mapenzi na juu ya nani ana haki ya kumchagulia mtu mwenzi. Dar es Salaam nayo ilipata Drive-In yake mwaka 1966, mtu na mkewe na watoto wote ndani ya gari moja, na chakula kimefungwa kutoka nyumbani.

Filamu ya Kihindi imejengwa na mapumziko ndani yake. Mwandishi anajua kwamba katikati watu watasimama kununua sambusa, kwa hiyo anakuachia fundo pale pale. Hakuna filamu inayokubali kusimamishwa kama hiyo. Chukueni Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, Shah Rukh Khan na Kajol. Ni saa tatu na zaidi, na huko Mumbai ukumbi wa Maratha Mandir uliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 25. Nusu ya kwanza ni Ulaya, vijana wawili kwenye matreni, utani na kununiana. Nusu ya pili ni nyumbani kwa akina bibi harusi, Punjab, binti keshaposwa na mwingine. Ukichoka usiku wa kwanza, mnalala katikati, mnaimalizia Jumapili.

Lakini sababu yangu ya kuipendekeza ni sehemu moja. Mama wa binti anawaletea vito vyake, anawaambia watoroke. Kijana anakataa. Anasema atamchukua binti huyu kwa mkono wa baba yake au hamchukui. Mara ya kwanza nilipoitazama, niko kidato cha tatu, nilimwona mjinga. Sasa nina binti. Mama Neema yeye haafiki mpaka leo: anasema mwanamke yule naye angeulizwa anataka nini, wanaume wawili wanamgombania kama kiwanja. Tumeibishania hiyo miaka saba. Filamu inayokupa ubishi wa miaka saba imelipa bando lake.

Na ina faida nyingine kwa wanaoishi na wakwe. Kila mtu anaijua ile adha: mama mkwe kakaa kwenye kiti chake anasuka ukili, ghafla watu kwenye runinga wanaanza kuvuana mashati, na rimoti haionekani. Dilwale haina hatari hiyo. Kwa nyumba ya namna hiyo nina na nyingine, In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Hong Kong, mwaka 1962, nyumba ya kupanga. Vyumba vimebanana, mama mwenye nyumba anajua nani katoka saa ngapi, kelele za kamari usiku kucha. Aliyepanga chumba Magomeni au Manzese yuko nyumbani. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, majirani, wanagundua kwamba mke wa huyu na mume wa yule wana uhusiano. Wanagunduaje? Kwa mkoba na tai. Mwanamke ana mkoba sawasawa na wa mke wa jirani; mwanamume ana tai sawasawa na ya mume wa jirani. Hakuna anayepiga kelele. Wanaanza kukutana, wanaapa hawatakuwa kama wale, na filamu nzima ni watu wawili wanaopishana kwenye ngazi, mwanamke na kopo lake la tambi mkononi. Mama mkwe anaweza kukaa mbele kabisa. Na bado ni filamu yenye joto kuliko zote nilizozitaja. Tony Leung alipewa tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa kazi hiyo.

Mississippi Masala ya Mira Nair, ya mwaka 1991, itazameni mama akishakwenda kulala. Inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 waondoke. Familia moja inaishia kwenye moteli huko Mississippi, binti anakua, anagonga gari la kijana mweusi anayesafisha mazulia, Denzel Washington, na ndugu wa pande zote mbili wanawaka. Kwetu Afrika Mashariki hiyo haitazamwi kama mapenzi ya Wamarekani. Baba wa binti, anayeota Kampala kila usiku na kuiandikia serikali barua za kudai nyumba yake, ni mtu ambaye wengi wetu tumemjua au tumesikia akisimuliwa. Nje ya filamu nako kulikuwa na mapenzi: Mira Nair alipokwenda kufanya utafiti alikutana na Mahmood Mamdani, msomi aliyefukuzwa na Amin na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakaoana. Mtoto wao, Zohran, aliyezaliwa Kampala, ndiye aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025.

Kwa wanaotaka Kiswahili kitupu bila Lufufu, ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Ilionyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni nzuri kwa macho, na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, anaiteka kila anapoingia. Ila msomaji wa riwaya ataona mengi yameachwa, na kama mmoja wenu kaisoma na mwingine hajaisoma, jiandaeni: aliyesoma hatanyamaza.

Nimeiacha nyuma ile ninayoipenda kuliko zote kwa watu waliokaa kwenye ndoa muda. The Gravedigger's Wife, ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliyekulia ukimbizini Finland. Iko Djibouti, kwa Kisomali, na ilichukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 2021. Guled ni mchimba makaburi. Anashinda nje ya hospitali na wenzake, kila mtu na sepetu yake, wakisubiri maiti. Mkewe Nasra ana ugonjwa wa figo na operesheni yake inataka pesa ambazo hawajawahi kuziona. Utasema hiyo si filamu ya kustarehe. Subiri uwaone jioni moja wamevaa vizuri, wanaingia harusini bila kualikwa, wanakula, wanacheza, wanacheka njiani kama wachumba. Dakika 82 tu. Hiyo hatukuisimamisha hata mara moja, na kipimo changu chote kikaanguka. Ilipoisha mama Neema aliniuliza kama nimeshaenda kupima presha. Nilienda Jumatano.

Za kuepuka sina haja ya kuzieleza sana. Marriage Story ya mwaka 2019 ni kazi safi, lakini ni talaka mwanzo mwisho. Mwacheni mtu aitazame peke yake. Titanic kila mtu keshaiona, na atakayelia tunamjua.

La mwisho ni la vitendo. Chagueni mchana, kwa ujumbe wa simu, si saa tatu usiku mkiwa kochini. Angalieni uniti za umeme kabla ya magharibi, sisi tulisahau siku moja tukaimalizia Dilwale kwa kusimuliana gizani. Bisi zikaangwe mara mbili. Na aliyechagua wiki iliyopita akae kimya wiki hii. Kwetu leo zamu si yangu. Ile ya Kikorea, nimeambiwa, ina sehemu kumi na sita.