Urushi, Sandarusi na Vanishi: Tafsiri Moja Iliyotushinda

Katika zoezi la tafsiri nililowapa vijana wachache kutoka Dzaleka, ambao tulikuwa tukikutana Kanengo, kaskazini mwa jiji la Lilongwe, palikuwa na sentensi fupi kuhusu bakuli la Kijapani lililopakwa urushi. Majibu yalikuja ya aina tatu. Mmoja aliandika "bakuli la rangi". Wa pili, aliyejifunza useremala kwao Uvira, aliandika "bakuli la verni". Wa tatu alifungua kamusi akaandika "bakuli la sandarusi", na mwenzake aliyewahi kuishi Kigoma akacheka sana, kwa kuwa yeye sandarusi aijuayo ni mfuko wa plastiki wa kubebea mahindi. Nilishika kalamu nyekundu ili nisahihishe, nikagundua kwamba hata mimi jibu sina. Makala haya ndiyo jibu lililochelewa.

Tuanze na kitu chenyewe. Urushi ni utomvu wa mti, na Wajapani huuita mti huo kwa jina hilo hilo. Ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Msomaji anayejua jinsi maji ya ganda la korosho mbichi yanavyobabua mikono ataelewa upesi: urushi nayo hubabua, na wengi wanaoanza kazi hiyo huwashwa na kuvimba. Mti hutunzwa miaka 10 hadi 15, pengine zaidi, ndipo ugemwe. (Neno letu la kugema, tulitumialo kwa tembo na kwa mpira, linafaa hapa bila marekebisho yoyote.) Mgema hulichanja gome kuanzia Juni, akikwangua matone machache kila mara, hadi msimu uishe. Mti mmoja hutoa kiasi cha gramu 200 tu, yaani glasi isiyojaa, na kwa desturi iliyoenea Japani baada ya hapo hukatwa. Machipukizi ya kisiki ndiyo mti wa miaka mingine.

Linalowashangaza maseremala wetu ni namna utomvu huo unavyokauka. Seremala wa Kanengo hapendi kupaka vanishi siku ya mvua, kwa sababu vanishi hukauka kwa kupoteza kimiminika chake hewani, na unyevu huichelewesha au huiachia ukungu mweupe. Urushi ni kinyume kabisa. Ndani yake mna kimeng'enya kinachohitaji joto la wastani na hewa yenye unyevu mwingi ili kuufanya utomvu ushikamane na kuwa mgumu. Kwa hiyo fundi wa Kijapani hukiweka chombo ndani ya kabati lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85, akakiacha humo mpaka kigande. Kwa hakika tunapaswa kusema urushi "inaganda" au "inakomaa", wala si "inakauka". Mwalimu akilisahau hilo, mwanafunzi atatafsiri maelezo yote ya kazi hiyo kinyumenyume.

Tabaka moja halitoshi. Katika mji wa Wajima, kwenye rasi ya Noto, fundi hubandika kitambaa sehemu dhaifu za bakuli la mbao, hupaka urushi iliyochanganywa na unga wa udongo maalumu uliochomwa, husugua, hupaka tena, na kazi hupita katika mikono ya watu mbalimbali kwa hatua zaidi ya 100. Tetemeko la Januari 1, 2024 liliharibu karakana nyingi za mji huo, na moto ukateketeza eneo la soko lake la asubuhi. Kazi inayogawanywa hivyo hujeruhiwa vibaya kwa jambo kama hilo: akikosekana mchongaji, mpakaji hana cha kupaka.

Sasa turudi kwa kijana wa kamusi, ambaye hakukosea kama tulivyodhani. Sandarusi, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, ni ulimbo wa mti wa msandarusi, ambao ni wa ukoo mmoja na mkwaju na huota katika pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na pia Madagaska. Ile bora haikutoka mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ilikwisha kutoweka zamani na ulimbo wake ukabaki ukigeuka mgumu kama jiwe. Wenyeji wa Mrima, Wazaramo wakiwamo, waliichimba, ikapelekwa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ile changa, iliyotoka mtini, iliitwa chakazi. Wazungu wa Unguja walilisikia neno hilo wakalitamka "jackass", yaani punda dume, na kwa jina hilo la dhihaka bidhaa yetu ikaandikwa katika vitabu vya biashara.

Karne ya 20 ilileta ulimbo wa viwandani, na soko la sandarusi likafa. Neno halikufa, lilihamia kwenye plastiki, kitu cha jamii ile ile iliyoiua biashara yake. Sijui mfano mzuri zaidi wa kufundishia jinsi maana inavyohama. Aliyecheka na aliyechekwa wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja katika karne yake.

Hata hivyo sandarusi haiwezi kuwa tafsiri ya urushi, maana ni ulimbo mgumu unaoyeyushwa kwa moto, wala si utomvu unaoganda kwa unyevu. Lakiri pia haifai: hiyo ni nta ya kupigia muhuri. "Rangi" inaficha kila kitu. Maoni yangu ni kwamba tuandike "urushi", tuitie katika ngeli ya I-ZI, na mara ya kwanza tueleze "utomvu wa urushi". Wanafunzi wa Malawi watasaidika pia na neno ulimbo, ambalo katika Kichewa, kama katika Kiswahili, ni ile gundi ya kunasia ndege. Wajapani hutumia urushi hata kuungia vyungu vilivyovunjika, kwa hiyo dhana hiyo haiko mbali.

Nilipowaeleza haya, yule seremala wa Uvira aliuliza swali ambalo sikulitarajia: kama mkorosho ni ndugu wa mti huo, kwa nini maganda ya korosho yasifanye kazi hiyo? Yanafanya. Japani kwenyewe hutengenezwa rangi ya bei nafuu, inayofanana na urushi, kwa mafuta ya maganda ya korosho. Akataka kujua maganda ya Mtwara hupelekwa wapi. Zoezi lijalo nimempa yeye alitafute jibu hilo, aandike kwa Kiswahili kile kinachotokea kati ya ganda na kopo la rangi, bila kutumia neno "verni".